Insafu ya Mwonjaji: Mhadhara juu ya Kuhukumu Bia Nyeusi Kali



Jambo nililokuja kulizungumza mbele yenu ni namna ya kuonja, kupima na kuhukumu bia nyeusi kali, ile iitwayo stauti ya kifalme, ambayo asili yake ni mji wa London, na ambayo tangu miaka ya 1980 imefufuliwa na wapikaji wa viwanda vidogo vya Ulaya na Marekani, hata leo imekuwa miongoni mwa bia wanazozitumia kuonyesha kadiri ya ustadi wao. Najua ya kuwa katika hadhira hii wamo wasiogusa kileo kwa amri ya dini yao, na wamo walioacha kwa hiari yao, na heshima yao kwangu ni kubwa. Nawaomba wanisikilize kwa kuwa sikuja kumwalika mtu kunywa. Nimekuja kusema habari ya uadilifu wa hukumu, nayo ni elimu imfaayo apimaye karafuu ghalani, achaguaye buni mnadani, na aonjaye chai kabla haijatiwa masandukuni, kama imfaavyo yule aliyekaa mbele ya bilauri ya bia.

Rai yangu ni moja, nami nitaieleza kwa urefu. Mwonjaji ni shahidi kwanza, na hakimu baadaye. Kazi yake ya kwanza ni kusema kilichomo katika bilauri, kwa maneno ambayo mtu mwingine aweza kuyahakikisha kwa pua na ulimi wake. Na kazi yake ya pili, ambayo haina thamani kama ya kwanza haikutimizwa, ni kusema kama kilichomo ni chema au si chema. Anayeanza kwa kusema napenda au sipendi ameieleza nafsi yake, wala hakuieleza bia. Na hukumu iliyojengwa juu ya mapenzi ya nafsi, hata ikitokea kuwa ya sifa, ni dhuluma kwa aliyekesha akikipika kinywaji hicho.

Nimeichagua bia nyeusi kali kwa sababu ndiyo inayomtahini mwonjaji kuliko nyingine. Bia nyepesi ya rangi ya dhahabu haina mahali pa kuficha aibu yake. Kasoro ndogo hujitokeza mara moja, na hata asiyefunzwa huihisi. Lakini katika bia nyeusi ukali wa kileo, uchungu wa nafaka iliyokaangwa na wingi wa utamu ulioachwa nyuma na hamira huweza kulifunika kosa hata likapita bila kuonekana, na sifa kuu ya kinywaji chenyewe, yaani nguvu zake, ikamtia mwonjaji haya asiseme analolijua. Aghalabu watu hustaajabia nguvu wakadhani wamestaajabia uzuri.

Ili tujue tunachokihukumu, na tuanze na tarehe yake. Katika karne ya 18 mji wa London ulikuwa ukinywa bia ya rangi ya hudhurungi iitwayo porta, iliyopendwa na wapagazi wa mitaani na bandarini, na iliyopikwa kwa kimea cha shayiri kilichokaushwa juu ya moto wa kuni. Mwaka 1784 John Richardson alichapisha maelezo ya namna ya kutumia haidromita, chombo cha kuelea kipimacho uzito wa maji ya kimea, na wapikaji walipokizoea chombo hicho walitambua jambo lililowashtua: kimea chao cha hudhurungi kilitoa sukari kidogo kuliko kimea cheupe, hata kama bei yake kwa gunia ilionekana nafuu. Wakakihama kwa sababu ya hesabu. Lakini walipokihama waliipoteza rangi iliyozoewa na wateja, na ili kuirudisha wengine walitia sukari iliyounguzwa, na wengine vitu vibaya zaidi, hata mwaka 1816 sheria ya Uingereza ikapiga marufuku kutia katika bia kitu chochote cha kubadili rangi au ladha isipokuwa kimea na maua ya hopsi.

Ndipo mwaka 1817 Daniel Wheeler alipopata hataza ya pipa la chuma lizungukalo juu ya moto, ambalo ndani yake kimea huweza kukaangwa hata kikawa cheusi pasipo kuwa mkaa. Kimea hicho kina rangi nyingi sana hata sehemu ndogo yake ndani ya kimea cheupe yatosha kuitia bia weusi. Tangu siku hizo bia nyeusi ya Kiingereza na ya Kiairishi imekuwa kwa sehemu kubwa bia nyeupe katika msingi wake na nyeusi katika ukamilifu wake. Na mwonjaji asiyelijua hilo hudhani ya kuwa kila kitu katika bilauri kimetoka katika weusi, ilhali sehemu kubwa ya nguvu na utamu wake imetoka katika nafaka isiyoonekana.

Ama sifa ya ufalme, ilitokana na biashara ya Urusi. Upande wa kusini wa mto Thames, mahali paitwapo Southwark, palikuwa na kiwanda cha Henry Thrale, tajiri aliyekuwa rafiki wa Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri. Thrale alipofariki mwaka 1781, Johnson alikuwa mmoja wa wasimamizi wa mirathi, na kiwanda kikauzwa kwa pauni 135,000 kwa watu ambao baadaye walifanya biashara kwa jina la Barclay Perkins. Mwaka 1796 mchoraji Joseph Farington aliandika katika shajara yake ya kuwa alionja porta ya kiwanda hicho, akaambiwa imepikwa mahsusi kwa Malkia wa Urusi, na ya kuwa yaweza kukaa miaka saba pasipo kuharibika. Miaka saba ni muda mrefu kwa kinywaji cha nafaka. Kilichoilinda bia hiyo ni wingi wa kileo na wingi wa hopsi, ambavyo kwa pamoja huwanyima vijidudu vingi nafasi ya kuishi.

Katika mapipa ya bia hizo za kale, hata hivyo, palikuwa na mkazi mwingine. Mwaka 1904 Niels Hjelte Claussen, mtaalamu wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitangaza ya kuwa bia za Kiingereza zilizowekwa kwa muda mrefu zilipata ladha yao ya uzee kwa kazi ya aina ya hamira ambayo aliipa jina la Brettanomyces. Hamira hiyo hutoa riha ya ngozi na ya zizi la farasi. Walioishi wakati huo waliihesabu kuwa fahari ya bia iliyokomaa. Leo, katika stauti nyingi, ikijitokeza bila kukusudiwa huhesabiwa kuwa uchafu wa kiwanda. Nalileta jambo hili mbele yenu ili ionekane wazi ya kuwa hukumu haiwezi kusimama juu ya harufu peke yake. Ni lazima mwonjaji aulize bia hii ilikusudiwa iwe nini, na ni kwa mapatano gani ya wakati wake tunaiita njema.

Kampuni ya Courage iliungana na Barclay Perkins mwaka 1955 na kuendelea kuipika stauti ile ya Urusi kwa kiasi kidogo hata mwaka 1993, ilipoachwa kwa muda. Lakini kabla haijaachwa, mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa kwingine. Mwandishi Mwingereza Michael Jackson, ambaye kitabu chake juu ya bia za dunia kilitoka mwaka 1977, alikuwa ameziandika bia za namna hii kwa heshima ambayo waandishi wengine waliiweka kwa mvinyo tu. Na katika miaka ya 1980 kiwanda cha Samuel Smith cha Tadcaster, Yorkshire, kilipika stauti ya kifalme kwa kushauriwa na Charles Finkel, mfanyabiashara wa Marekani aliyetaka kuiuza kwao. Wapikaji wadogo wa Marekani waliionja, wakaisoma, wakajaribu ya kwao. Mjini Chicago, kiwanda cha Goose Island, kilichofunguliwa mwaka 1988, kilichukua hatua nyingine katika miaka ya 1990: stauti kali ililazwa ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kutumika kwa wiski ya bourbon. Mapipa hayo hupatikana kwa wingi kwa sababu sheria ya Marekani yataka bourbon ikomae katika chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani, na kwa hiyo kila pipa lililokwisha kazi hiyo hutafuta kazi nyingine. Humo bia huchukua vanila, nazi na joto la wiski, na mwonjaji huongezewa mashahidi wa kuwahoji.

Sasa na tutazame namna stauti inavyopikwa, kwa maana asiyejua sababu hawezi kuitaja kasoro ila kwa kubahatisha. Lita moja ya maji ya kimea ya bia ya kawaida, kabla hamira haijaanza kazi, huwa na uzito wa gramu 1,045 au 1,050 hivi. Lita moja ya stauti ya kifalme huwa na gramu 1,075 hata 1,115, kwa ajili ya wingi wa sukari iliyoyeyuka ndani yake. Hamira inayotiwa humo huanza kazi katika utamu mzito, na kadiri inavyofanya kazi huzungukwa na kileo inachokitoa yenyewe, hata mwisho wake hufika asilimia 8 mpaka 12. Ikiwa ni chache, au imekosa hewa mwanzoni, huchoka kabla ya wakati na kuacha utamu mwingi usioweza kumezwa kwa raha. Ikiwa imefanyishwa kazi katika joto kali mno, hutoa vileo vikali vinavyochoma koo. Tena kimea kilichokaangwa kina asidi yake, nayo huhitaji maji yenye chumvi za kabonati za kuituliza. Maji ya London na ya Dublin yana tabia hiyo, na hii ni sababu mojawapo ya bia nyeusi kustawi katika miji hiyo miwili.

Kisha huja uchungu. Bia nyepesi nyingi za chupa huwa na vipimo vya uchungu baina ya 10 na 25; stauti ya kifalme huwa na 50 hata 90. Msikiaji aweza kudhani ya kuwa kinywaji cha uchungu wa namna hiyo hakinyweki, lakini mtu wa pwani aliyezoea kunywa kahawa tungu pamoja na kipande cha haluwa ameijua siri yake tangu utotoni: uchungu peke yake huchosha, utamu peke yake hukinaisha, na vikikutana kwa kiasi kila kimoja humtaka mwenziwe. Mpikaji wa stauti hutafuta mkutano huo ndani ya chombo kimoja. Hapo ndipo ustadi wake ulipo, na hapo ndipo mwonjaji anapopaswa kuweka jicho lake la hukumu. Maana wingi wa kimea na wingi wa kileo waweza kununuliwa kwa fedha, lakini mizani baina yao hainunuliwi.

Nimesema habari ya mpikaji. Sasa nasema habari ya mwonjaji mwenyewe. Kabla ya chupa kufunguliwa yampasa aiandae milango yake ya fahamu. Asiwe amekula chakula cha pilipili na vitunguu saumu muda mfupi uliopita, asijipake uturi, asikae karibu na jiko wala sigara. Maji safi na kipande cha mkate usio na chumvi viwe karibu ili ausafishe ulimi kati ya bia moja na nyingine. Bilauri iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba, ili riha ikusanyike, nayo isiwe na mabaki ya sabuni wala mafuta, kwa kuwa mafuta huliua povu na sabuni huichafua harufu. Bia isitoke moja kwa moja katika jokofu. Katika nchi za joto tumezoea kuitaka bia iwe baridi kama barafu, na kwa bia nyepesi ya kukata kiu hapana ubaya. Lakini baridi huvizuia vitu vya harufu visipae, na huutia ganzi ulimi, hata stauti njema na stauti mbaya zikafanana. Nyuzi 10 mpaka 14 za sentigredi zatosha, na bilauri ijazwe theluthi tu.

Mara tu inapomiminwa, pua itangulie jicho. Harufu zilizo nyepesi hukimbia katika dakika za mwanzo, na atakayeanza kwa kuisifu rangi atazikosa. Anuse mara mbili tatu kwa pumzi fupi, kisha apumzike, kisha anuse tena, na kila mara aandike: mkate uliookwa sana, kahawa, chokoleti isiyo na sukari, tende, zabibu kavu, sukari guru, moshi, mwaloni, vanila. Orodha hii isiwe pambo. Kila neno liandikwe kwa sababu kitu chake kimesikika, na lililosikika kwa mashaka liandikwe pamoja na shaka yake. Katika mwaka 1979 vyama vya wataalamu wa bia wa Ulaya na Marekani viliafikiana juu ya gurudumu la ladha lililoandaliwa na Morten Meilgaard, mwanakemia mzaliwa wa Denmark, lenye makundi 14 na maneno 44 ya msingi, kwa madhumuni kwamba mpikaji wa nchi moja na mwonjaji wa nchi nyingine waelewane kama waelewanavyo wafanyabiashara wanaotumia ratili moja.

Baada ya pua, jicho lipewe haki yake, nayo ni haki ndogo. Stauti ya kifalme huwa nyeusi au hudhurungi iliyoiva sana. Ikiinuliwa mbele ya taa, ukingoni huonyesha wekundu wa akiki. Povu lake ni la hudhurungi, nalo huweza kuwa dogo kwa kuwa kileo kingi hakilisaidii kudumu. Si haki kulihukumu kwa kipimo cha bia nyepesi. Chama cha waamuzi wa bia kilichoundwa Marekani mwaka 1985, Beer Judge Certification Program, kimeigawa hukumu katika alama 50: harufu alama 12, sura 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5, na jumla ya mambo yote 10. Tazameni hekima ya mgawanyo huo. Jicho, ambalo katika maisha ya kila siku ndilo tulitegemealo kuliko milango mingine ya fahamu, limepewa alama tatu tu.

Sababu ya kulifunga jicho hatamu ilionyeshwa kwa ushahidi mjini Bordeaux, Ufaransa, ambako watafiti waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo bilauri ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: mvinyo ule ule ambao wanafunzi walikuwa wameueleza kwa maneno ya mvinyo mweupe ulipotiwa rangi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Watu wale hawakuwa wajinga wala waongo. Jicho lilikuwa limekwisha kutoa hukumu kabla pua haijaitwa mahakamani. Basi itakuwaje kwa bia nyeusi, ambayo weusi wake unamwambia mnywaji kahawa, moto na nguvu kabla hajaigusa? Anayetaka kuwa mwadilifu na aionje wakati fulani katika chombo kisichopitisha nuru, alinganishe alichokiandika na alichokiandika akiwa anaiona.

Kisha kinywa. Funda la kwanza liwe dogo, lizungushwe juu ya ulimi wote, na linapomezwa pumzi itolewe puani huku midomo imefumbwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kwa njia ya nyuma ya kinywa. Mwonjaji aifuate bia katika safari yake: mwanzo wake, ambao mara nyingi ni utamu wa kimea, katikati yake, ambapo moto wa nafaka iliyokaangwa hujitokeza, na mwisho wake, ambapo uchungu hubaki baada ya utamu kuondoka. Afarikishe uchungu wa hopsi, ulio safi na wenye kudumu, na uchungu wa kimea cheusi, ulio mkavu, na ambao ukizidi huacha ladha ya majivu na ukakasi wa ganda la mti. Apime uzito wa kinywaji, ulaini wake, na kadiri ya gesi. Apime pia kileo: katika bia iliyokomaa kileo hupasha kifua joto polepole, katika bia isiyokomaa huchoma, na kuchoma si nguvu, ni upungufu.

Makosa nayo yana majina na asili. Harufu ya siagi hutokea pale hamira ilipoondolewa kabla ya kumaliza kuisafisha bia, au pale bakteria walipoingia. Harufu ya tufaha bichi huashiria bia changa. Harufu ya rangi ya kucha hutokana na joto lililozidi wakati wa kuchachuka au na vijidudu vya porini. Harufu ya siki ni ushahidi wa bakteria na hewa. Harufu ya karatasi iliyolowa ni ya bia iliyoguswa na hewa baada ya kupikwa, ingawa katika stauti kali hewa kidogo, kwa muda mrefu, huweza kuleta tende na zabibu zinazopendeza. Na ladha ya mchuzi wa soya hutokana na hamira iliyokufa ikavunjika ndani ya chombo. Mwenye kusema bia hii mbaya hamsaidii mtu. Mwenye kusema nimesikia siagi katika harufu na utelezi katika ulimi, kwa hiyo ichunguzwe kama hamira ilipewa siku za kutosha, amempa mpikaji ufunguo wa mlango uliomfungia.

Lakini shahidi naye huhitaji kuchunguzwa. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Carlsberg waliweka njia ya bilauri tatu, ambazo mbili zina bia moja na ya tatu ina bia nyingine, na mwonjaji huambiwa aichague iliyo peke yake. Asiyeweza kuichagua mara nyingi kuliko ambavyo bahati ingemwezesha hana haki ya kusema kwamba bia hizo zinatofautiana, sembuse kusema ipi ni bora. Zaidi ya miaka arobaini kabla ya hapo, mwaka 1899, William Sealy Gosset alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha Guinness cha Dublin, ambako aliona ya kuwa wapikaji hulazimika kuamua juu ya shayiri na hopsi kwa vipimo vichache, na vipimo vichache hudanganya. Hesabu aliyoibuni ya kupima kiasi cha kuaminika kwa ushahidi mdogo ilichapishwa mwaka 1908 kwa jina la kalamu la Student, na leo hutumika katika hospitali, mashamba na vyuo vya dunia nzima. Elimu hiyo, ambayo madaktari wanaitegemea, ilizaliwa katika nyumba ya bia nyeusi, kwa sababu watu wa nyumba ile walikubali ya kuwa ulimi mmoja na siku moja havitoshi kuthibitisha neno.

Sasa ushahidi umekwisha kukusanywa, na hakimu na aketi. Katika kipimo nilichokitaja, alama 45 na zaidi ni za bia iliyo kielelezo cha aina yake; 38 mpaka 44 ni bora sana; 30 mpaka 37 ni njema yenye dosari ndogo; na chini ya 14 ni bia ambayo kosa lake limeifunika kabisa. Hakimu asiogope kutoa 31 kwa bia yenye jina kubwa, wala asione haya kutoa 44 kwa bia ya kijana asiyejulikana. Na hii ndiyo sababu bia za mashindano huletwa mezani bila jina wala chupa. Wahenga wetu walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo aghalabu hutumika kumlaumu mgema, nami naona lawama yake humgusa pia msifuji. Sifa isiyo na kipimo humwondolea mpikaji sababu ya kujichunguza. Na katika biashara ya bia hizi, ambamo chupa za toleo dogo hutafutwa kwa foleni na kuuzwa kwa bei ya kushangaza, maji yanayotiwa mara nyingi huwa ni sukari, vanila na kileo cha ziada, vitu viletavyo makofi ya haraka na kuificha mizani iliyokosekana.

Kiasi nacho ni sehemu ya hukumu. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 10 ina mililita 33 za kileo halisi, ilhali chupa kubwa ya nusu lita ya bia yetu ya kawaida yenye asilimia 5 ina mililita 25. Atakayeimaliza chupa ile ndogo amekunywa zaidi ya chupa kubwa moja na robo, na baada ya mbili ushahidi wake haukubaliki tena mbele ya mtu mwenye akili. Kwa hiyo stauti ya kifalme hugawanywa baina ya watu wengi, kila mmoja mafunda machache, na zilizo kali huwekwa mwisho wa kikao. Anayetaka kunywa kwa furaha yake ana wakati mwingine. Aliyekaa kuhukumu amekaa kwa amana ya mwenziwe.

Nami siioni amana hiyo kuwa ya London na Chicago peke yake. Wachagga hutia uchungu katika mbege kwa gome la msesewe, kama wapikaji wa Ulaya watiavyo hopsi. Na magharibi ya Kenya unga wa mahindi uliochachuliwa hukaangwa juu ya bati kabla ya kuingia katika busaa, hata moto ukawa sehemu ya ladha. Wazee wanaozijua pombe hizo wana mizani iliyo kali, ila mizani yao haijaandikwa, na kila anapofariki mmoja wao kipimo hupungua. Kipo cha kujifunza kwa waamuzi wa ng'ambo, nacho ni ile desturi ya kuandika: kuandika kilichosikika, kwa mpango mmoja, kwa maneno yanayoweza kuhakikishwa, ili mpikaji wa kesho asianze upya.

Vijana mnaofanya kazi katika hoteli na viwandani, na ninyi mnaopika kwa pipa dogo nyuma ya nyumba, maneno yangu ya mwisho ni yenu. Andikeni kilichomo kabla ya kuandika mnachokipenda. Zitajeni kasoro pamoja na sababu zake. Jitahinini wenyewe kabla ya kumtahini mwenzenu. Na mkishatoa hukumu, tieni majina yenu chini yake, mkiwa tayari kuyarudia maneno hayo hayo mbele ya uso wa aliyeipika bia. Asiyeweza kuyarudia na ayafute, kwa kuwa hayakuwa ushahidi.